Unataka kuchomoa hadi diski ya zamani na mashine iko na Windows na Linux? Jua kwanza nani huiwasha

Kuchomoa hadi diski si kazi. Ni skrubu nne na kebo mbili, dakika tano umemaliza. Kazi ni ile inakuja baadaye, ukifunga mashine unabonyeza pawa unapata skrini nyeusi imeandikwa `grub rescue>` ama "No bootable device", na wewe uko na hakika kabisa Windows iko kwa SSD (ile diski mpya ya kasi), Linux pia iko kwa SSD, na hiyo diski ya zamani haikuwa na kitu ila picha za harusi na setup za 2014.

Huku kwetu hii hali imejaa. Mtu ananunua desktopu ya ex-UK, hizi Dell OptiPlex na HP ziko kila duka Kisumu mjini na pale Kenyatta Avenue Nakuru, inakuja na hadi diski ya 500GB, baadaye akipata pesa kidogo anaongeza SSD anaweka Windows 10 huko ndio mashine iache kujivuta, alafu juu Microsoft walifunga sapoti ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na mashine yenyewe haina TPM 2.0 (chipu ya usalama) ya kuweka Windows 11, anaongeza Linux Mint pembeni ndio azoee pole pole. Hiyo diski ya kwanza ilibaki tu ndani. Sasa imeanza kulia tik tik, kufungua folda ni dakika nzima, mashine yote inakwama ikiingoja. Kuitoa ni haki. Lakini kuna swali moja lazima lijibiwe kabla bisibisi itoke kwa droo: ukibonyeza pawa, ni diski gani huongea ya kwanza?

Juu mahali Windows inakaa na mahali kile kitu cha kuiwasha kinakaa ni vitu viwili tofauti, na si lazima vikae diski moja. Umehamia keja mpya lakini ufunguo wa geti umebaki kwa keyateka wa ploti ya zamani, ukimfukuza huyo keyateka unalala nje.

Kabla uone logo yoyote

Wacha tuanze na BIOS ya kizamani (programu ya ubao wa mashine yenye huamka kabla ya zote), ile ya mashine za kabla 2012 hivi, ama hata mpya zenye mtu aliziweka kwa Legacy, yaani hali ya kizamani. BIOS haijui Windows ni nini na haijui Linux ni nini. Inajua tu kusoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512, ndio huitwa MBR. Kwa hizo 512, baiti 446 ni za kodi ya kuanzisha, 64 ni za meza ya patisheni, vile vipande diski imegawanywa (ndio maana patisheni kuu hazipiti 4), na 2 za mwisho ni saini ya kuonyesha sekta ni halali.

Kama kodi iliyo hapo ni ya Windows, inaangalia patisheni gani imewekwa "active", inaenda huko inatafuta faili inaitwa bootmgr, hiyo bootmgr inasoma orodha inaitwa BCD, na BCD ndio inasema Windows iko patisheni fulani ya diski fulani. Kama ni ya GRUB, yaani kianzishi cha Linux, mambo ni tofauti kidogo: baiti 446 hazitoshi kitu, so hicho kipande cha kwanza kazi yake ni kuita kipande cha pili chenye kimefichwa kwa nafasi tupu kabla patisheni ya kwanza ianze, na hicho cha pili nacho kinaenda kutafuta folda ya `/boot/grub` penye menyu na vifaa vingine viko. Hivyo ni vipande vitatu, na hicho cha mwisho kinaweza kuwa diski ingine kabisa. Ukitoa diski yenye iko na `/boot/grub`, vile viwili vya kwanza vinaamka salama salama, vinatafuta mwenzao kwa UUID yake (namba ya kipekee ya patisheni), vinakosa, vinakuachia `grub rescue>`. Hiyo skrini huogopesha watu bure. Maana yake si data imepotea, maana yake ni GRUB imeamka nusu.

UEFI, mrithi wa BIOS kwa mashine mpya, ni tofauti na ukweli ni afadhali. Hapa hakuna mambo ya kuficha kodi kwa sekta ya kwanza. Kuna patisheni ndogo ya FAT32 inaitwa EFI System Partition, wengi husema ESP, mara nyingi MB 100 ama zaidi kidogo, na ndani kuna folda za kawaida tu. Ya Windows iko `\EFI\Microsoft\Boot\bootmgfw.efi`, ya Linux za Ubuntu na Mint iko `\EFI\ubuntu\shimx64.efi`. Ubao wa mashine wenyewe uko na kumbukumbu ndogo inaitwa NVRAM yenye inaweka orodha: nikiambiwa Windows, nenda diski hii, patisheni hii, faili hii. Ukitoa diski yenye iko na ESP, orodha inabaki lakini inaelekeza hewani.

Sasa shida ilitoka wapi? Ilitoka kwa insitola. Ukiweka Windows kwa SSD mpya na diski ya zamani bado iko kwa mashine, insitola ikipata ESP ama patisheni ya "active" tayari kwa ile diski, haitengenezi ingine, inaweka faili zake za kuwasha hapo hapo alafu Windows yenyewe inaenda kwa SSD vile ulisema. Haikuulizi. Insitola ya Ubuntu ya zamani nayo ilijulikana kwa hiyo tabia, hata ukiiambia weka kianzishi kwa diski ya pili, kwa UEFI inaenda tu kwa ESP ya diski ya kwanza. Ndio maana fundi mwenye amezoea huchomoa diski zingine zote kabla aweke Windows kwa SSD, unaweza dhani anajipa kazi bure kumbe anakuokolea siku kama hii.

Kuchunguza, bila kufungua mashine

Kwa Windows andika `msinfo32` kwa pale pa kutafuta, angalia mstari wa BIOS Mode kama ni Legacy au UEFI. Hilo ni la kwanza, juu dawa ni tofauti. Alafu fungua Command Prompt kama administrator, andika `diskpart`, kisha `list disk` na `list volume`. Kwa ile safu ya Info utaona maneno System na Boot, na hapa uangalie vizuri juu Microsoft waligeuza: yenye imeandikwa System ndio iko na faili za kuwasha, yenye imeandikwa Boot ndio iko na Windows. Alafu uchague diski moja moja, `select disk 0` kisha `detail disk`, inakuonyesha volyumu zenye ziko kwa hiyo diski na pia inasema kama kuna pagefile (faili yenye Windows hutumia RAM ikijaa) huko, kwa sababu watu wengine walihamisha pagefile kwa diski D zamani wakisahau. Ukipata System iko kwa diski unataka kutoa, jibu ndio hilo, hiyo diski haiendi mahali mpaka tuhamishe ufunguo.

Kwa Linux ni rahisi zaidi. `lsblk -f` inaonyesha diski zote, patisheni, na kila moja imefungwa wapi. Tafuta `/`, `/boot`, `/boot/efi`, `/home` na swap (nafasi yenye Linux hutumia RAM ikijaa), uone hakuna hata moja iko kwa ile diski. Kama ni UEFI, `efibootmgr -v` inakuonyesha ile orodha ya NVRAM pamoja na namba za patisheni, unaweza linganisha na `blkid`. Usiamini majina sda na sdb hata siku moja. Ukitoa diski moja hayo majina yanaweza sogea, yenye ilikuwa sdb inakuwa sda. UUID ndio haibadiliki.

Kitu kingine watu huruka: folda za Documents na Downloads zenye zilihamishwa kwa diski D, programu za ofisi zenye ziliwekwa huko, na bekapu ya mahesabu ya duka. Kopi vitu vyako kwanza. Kama diski iko hali mbaya, angalia afya yake na programu ya CrystalDiskInfo ama kwa Linux `sudo smartctl -a` na jina la diski, namba za kuangalia ni Reallocated (sekta mbovu zimeshabadilishwa) na Current Pending (sekta zinakataa kusomeka). Hiyo ya pili ikiwa inapanda, wacha kila kitu ukopi sahii, usiseme kesho.

Kuhamisha ufunguo

Fanya hii kazi asubuhi. Sitanii, Kisumu na Kakamega mvua ya jioni ikija na radi stima huenda, na stima kupotea katikati ya kupunguza patisheni si kitu unataka kuona. Kama uko na UPS sawa, kama ni laptopu acha betri ijae.

Kabla ya yote zima ile Fast Startup ya Windows, juu ikiwa imewashwa Windows haizimi kabisa, inalala nusu na kumbukumbu ya diski zote vile zilikuwa, ukichomoa moja inaamka imechanganyikiwa, na Linux nayo inakataa kuandika kwa hizo patisheni. `powercfg /h off` inamaliza hiyo maneno. Pia uliza `manage-bde -status`. Kama C imefungwa na BitLocker (kufuli ya Windows ya kuficha data), tafuta ile namba ya kufungulia ya tarakimu 48 uandike mahali, kisha usimamishe ulinzi kwa muda, juu ukibadilisha njia ya kuwasha inaweza kukuuliza hiyo namba, na bila hiyo namba hakuna fundi wa kukusaidia, awe wa Kondele awe wa Nairobi.

Kama ni UEFI na SSD haina ESP yake: ndani ya diskpart chagua volyumu ya C, `shrink desired=300`, kisha `create partition efi`, `format quick fs=fat32`, `assign letter=S`, toka. Alafu amri moja ndio inafanya kazi kubwa:

`bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI`

Hiyo inakopi faili za kuwasha kwa ESP mpya na inaunda BCD mpya, lakini Microsoft wanasema ukitumia `/s` haiongezi jina kwa NVRAM, inategemea ubao wenyewe upate `\EFI\Boot\bootx64.efi` kwa hiyo ESP. Kama SSD tayari iko na ESP (angalia kwanza, usitengeneze ya pili bure), ipe tu herufi S na uende moja kwa moja kwa hiyo bcdboot. Na ujue `create partition efi` inakubali diski ya GPT pekee, ule mpangilio mpya wa patisheni wenye ulichukua mahali pa MBR.

Kama ni Legacy na SSD ni ya MBR, hauhitaji patisheni mpya. Chagua patisheni ya C kwa diskpart, andika `active`, toka, kisha `bcdboot C:\Windows /s C: /f BIOS`. Angalia mara mbili kabla ubonyeze enta kwa ile `active`, juu ukiweka kwa patisheni si yake mashine haitawaka kutoka kwa hiyo diski. Kodi ya MBR yenyewe kama haiko kwa SSD utaiweka baadaye na fleshi ya Windows, unaingia pale pa kurekebisha unaandika `bootrec /fixmbr` wakati diski ya zamani tayari imetolewa, hivyo hakuna nafasi ya kugusa diski isiyo yake. Lakini kama menyu yako hukaa GRUB, ruka hiyo ya bootrec, itafuta kipande cha kwanza cha GRUB.

Upande wa Linux. Legacy: `sudo grub-install /dev/sdb` kama sdb ndio SSD, bila namba mwishoni, diski nzima si patisheni. UEFI: fungua `/etc/fstab` (orodha ya patisheni zenye Linux hufunga ikiwaka), mstari wa `/boot/efi` uweke UUID ya ESP mpya, ni ile fupi ya herufi na namba nane na dashi katikati, toa ile ya zamani na `sudo umount /boot/efi`, funga mpya na `sudo mount /boot/efi`, kisha `sudo grub-install`. Zote mbili malizia na `sudo update-grub`. Hapo ukiona Windows imepotea kwa menyu usishtuke, GRUB tangu toleo la 2.06 la 2021 huwa haitafuti mifumo mingine yenyewe mpaka uiambie; ongeza `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false` kwa `/etc/default/grub` urudie update-grub.

Bado hatujatoka kwa fstab. Hii ndio inaumiza watu wa Linux kuliko hata GRUB. Kila diski yenye umeandika hapo, systemd (ile huanzisha huduma za Linux) inaingoja wakati wa kuwaka, na kwa kawaida inangoja sekunde 90, ikikosa inakutupa kwa emergency mode inakuuliza paswadi ya root. Mtu anaona mashine imekufa kumbe ni mstari mmoja wa diski ya muziki. Futa mistari yote ya diski ya zamani, ama kama utairudisha rudisha, ongeza neno `nofail`. Kama swap ilikuwa huko, angalia na `swapon --show`, ifute pia, na uangalie faili ya `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`, ikiwa bado inataja UUID ya hiyo swap, kila ukiwasha mashine inakwama kidogo ikitafuta swap ya marehemu. Badilisha hapo iwe `RESUME=none` kisha `sudo update-initramfs -u`.

Na kama Linux yenyewe ndio iko kwa diski ya zamani na hauitaki tena? Hiyo ni nyepesi. Hakikisha tu Windows inaweza kujiwasha, kwa njia ya juu, na kwa UEFI ingia BIOS uweke Windows Boot Manager (ama SSD yenyewe) iwe ya kwanza. Hakuna cha kuinstoli.

Sasa ndio bisibisi

Zima kabisa, toa waya wa stima ukutani, bonyeza pawa mara moja ndio chaji iliyobaki iishe, gusa chuma ya kava ya mashine kabla uguse kitu ndani. Chomoa kebo ya data na ya stima ya ile diski. Usiitoe bado hata kwa kishikio chake. Washa.

Nasisitiza hii hatua juu ndio inatenganisha kazi ya dakika kumi na kazi ya wikendi nzima: chomoa, usifute. Diski yenye imechomolewa bado iko na kila kitu, ukiona skrini nyeusi unarudisha kebo, mashine inawaka vile ilikuwa, unaangalia ulikosea hatua gani. Diski yenye imefomatiwa ndio hiyo imeenda. Wako wenye huanza kwa kufomati ati ndio wahakikishe haina kazi. Wanafuta ESP mashine ikiwa imewashwa, inaendelea kufanya kazi vizuri tu mpaka ile siku wataizima.

Ingia Windows, uizime, uiwashe tena. Ingia Linux, pia mara mbili. Fungua programu zenye unatumia kila siku, printa ijaribu, mafaili ya kazi yafunguke. Kama ni mashine ya saiba ama duka, iache ifanye kazi wiki nzima hivyo hivyo kabla uguse ile diski, juu kuna vitu huonekana mwisho wa mwezi pekee. Ikikataa kuwaka kabisa, ingia BIOS uangalie mpangilio wa kuwasha, na uangalie hakuna mtu alibadilisha UEFI kuwa Legacy au Legacy kuwa UEFI, hilo pekee linatosha kuficha mfumo mzima.

Majina ya zamani kwa orodha ya NVRAM hayadhuru. Ukitaka usafi, `efibootmgr` inakupa namba, kisha `sudo efibootmgr -b 0003 -B` inafuta hiyo ya 0003, weka namba yako.

Hiyo diski yenyewe

Usiiuze vile iko. Format ya haraka inafuta meza tu, data bado iko na programu za bure zinairudisha. Kama mashine ilikuwa ya saiba, humo ndani kuna kopi za vitambulisho, PIN za KRA, fomu za HELB, vyeti vya watoto wa watu, na Kenya tuko na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, hauna kisingizio cha kuacha vitu za wateja zizunguke sokoni Kibuye. Irudishe kwa mashine ama uifunge na kebo ya USB, na kwa diskpart uichague vizuri (linganisha ukubwa wa GB, si namba pekee) kisha `clean all`, hiyo inaandika sifuri kila sekta. Kwa Linux ni `sudo shred -v -n 0 -z` na jina la diski. Diski ya 500GB ikienda MB 100 kwa sekunde inachukua kama saa moja na nusu, stima ikipotea katikati unaanza upya tu, hakuna kitu imeharibika.

Kama diski imekufa haiwezi kufutwa, itoboe. Za desktopu, zile za inchi 3.5, sahani za ndani mara nyingi ni alumini na drili inapita vizuri, matundu matatu manne yapite mpaka upande wa pili. Za laptopu za inchi 2.5 nyingi ni kioo, hizo zinapasuka vipande vidogo kama unga, so vaa miwani na uzifunge kwa gunia kwanza.